Mei Iliyoandikwa Mkatabani

Kufikia katikati ya Mei, mwaka 1955, Tusekile alikuwa amefunga mizigo yake mara tatu na kuifungua mara tatu. Mara ya kwanza aliifungua kwa sababu watoto walihitaji sufuria ya kupikia. Mara ya pili baridi ya Mbeya ilizidi, ikabidi ayatoe mablanketi. Mara ya tatu hakuwa na sababu ya maana. Alitaka tu kuhakikisha kila kitu kimo. Alipoona kimo, alikaa juu ya sanduku akalia kidogo, akajipangusa, akafunga upya. Watu wa pale shuleni walikwisha kuanza kumcheka, wachache kwa huruma, wengi kwa raha zao. Walimsalimu kwa kumuuliza, "Mama Mwalimu, bado upo?" Naye angejibu nini? Alikuwepo, wanamwona.

Mama Mwalimu lilikuwa jina lake tangu mumewe, Asukile, awe mwalimu wa Kiingereza wa shule ya misheni iliyokuwa mlimani, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini Mbeya. Wote wawili walikuwa Wanyakyusa wa upande wa Tukuyu, wameletwa huku na kazi. Lakini tangu Januari mwalimu mwenyewe hakuwepo. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Rodeshia ya Kaskazini kwenye migodi ya shaba, na msidhani alikwenda kushika sururu. Kampuni ya mgodi ilimtaka awafundishe Kiingereza watu wazima, wale wachimbaji waliotaka kupanda cheo na kuongea na wazungu wao. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka shule ile kuajiriwa nje kwa ajili ya ulimi wake, na alihakikisha kila mtu analijua hilo kabla hajaondoka.

Nyumba waliyoishi ilikuwa ya shule. Sedekia, mwalimu mkuu, alikuja siku moja akasimama mlangoni na kofia mkononi, akatazama sanduku na mafurushi yaliyofungwa kamba.

"Mama Mwalimu, mimi sikufukuzi," alisema. "Lakini tarehe moja mwezi wa sita mwalimu mpya anaingia hapa. Na yeye ana mke, ana watoto wanne."

"Gari ya kampuni itakuja kabla ya hapo, Mwalimu Mkuu. Imeandikwa. Mwezi wa Mei."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye mkataba."

Sedekia aliomba auone. Alikuwa na Kiingereza chake cha kutosha, angeusoma kwa dakika tano na mambo yangekwisha palepale. Tusekile alikataa. Asukile na Sedekia walikuwa wameachana kwa maneno makali, kwa kuwa mwalimu mkuu alisema wazi mbele ya wenzao kwamba kwenda kufundisha ugenini bila kujua unakwenda kwa masharti gani ni uchu, si maendeleo. Asukile aliapa kwamba karatasi yake haitaguswa na mtu yule. Mke akalishika agizo la mumewe. Wanawake wangapi wameangamia kwa kushika maagizo, mimi sitaki hata kuanza kuhesabu.

Karatasi yenyewe aliijua kwa sura. Ilikuwa kurasa mbili zilizopigwa taipu, na aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye nyimbo za mazishi ambazo watoto hawapendi kuzifungua. Asukile alirudi nayo kutoka Iringa, kwenye ofisi ya wakala aliyeandikisha watu kwa niaba ya kampuni. Hiyo ilikuwa Novemba. Aliketi kizingitini mchana kweupe, majirani wakimwona, akaisoma yote kwa Kiingereza kwa sauti ya madhabahuni. Asukile alikipenda Kiingereza kama wanaume wengine wa kwao wanavyopenda ng'ombe. Alipomaliza ndipo akaanza kumpa mkewe maana, kipande kimoja kimoja: kazi miaka miwili, mshahara kiasi hiki, dawa bure ukiugua.

Tusekile alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na sisi?"

Asukile aliteremsha kidole kwenye ukurasa wa pili, akakipata kifungu, akakisoma. Mke na watoto, "may follow", na mengine mengine ya gharama za kampuni. Tusekile hakujua Kiingereza. Alisoma Kiswahili na Kinyakyusa, basi. Lakini miezi ya kizungu aliijua, kwa kuwa darasa lilipakana na jiko lake, na kila mwaka mpya watoto waliiimba hadi akaiota. Neno moja katika maneno yale likamwingia sikioni safi kabisa.

"Mei?" akauliza. "Mwezi wa tano?"

Kidole cha Asukile kilibaki palepale kwenye mstari. Akatupa jicho kwa majirani.

"Ee," akasema. "Mei."

Akaikunja karatasi.

Juu ya neno hilo Tusekile akayajenga maisha ya familia nzima. Wakati wa kupanda ulipofika hakupanda. Apande ili nani avune, na Mei hawapo? Shamba alilopewa na shule alimwachia Apolonia, jirani yake, mke wa seremala. Mahindi na maharage akayaona yakiota mikononi mwa mwingine, akafurahi naye. Kuku akawagawa. Jiwe la kusagia likaenda kwa Apolonia vilevile. Akabakiza unga wa kumfikisha Mei, akaupima vizuri, mwanamke hodari, na mwisho wa Mei debe lilikuwa linagonga tupu.

Barua ya Februari ilikuwa ya furaha. Asukile aliandika kwamba wanafunzi wake wana ndevu na wanamwita bwana. Barua ya Machi ilikuwa fupi: "Mambo ya nyumba bado. Subirini kidogo." Tusekile aliisoma, akahesabu kwa vidole, akaona kwamba kidogo hicho ni Aprili. Aprili haikuleta barua. Alipoandika yeye, hakujibiwa.

Baada ya ziara ya Sedekia alikaa siku mbili akiitegea sikio barabara. Kila lori lililopanda mlima lilikuwa lake hadi lilipopita. Siku ya tatu aliwapeleka watoto wake wawili, Tusajigwe na mdogo wake Matilda, kwa Apolonia.

"Nakwenda Iringa kuliuliza gari," alisema. "Pengine wamekosea njia."

Apolonia alimtazama. "Ukifika waulize kweli kama lipo, mwenzangu. Usiulize lini tu."

Maneno hayo yalimchoma, akajifanya hakuyasikia.

Alipanda basi la reli. Reli yenyewe haikuwa imefika Mbeya, lakini mabasi yake yalifika, nalo ni jambo ambalo serikali peke yake inaweza kulieleza. Alilala njiani. Kesho yake basi liliteremka hadi Ipogolo, likavuka mto Ruaha Mdogo, likaanza kupanda kwenda mjini Iringa likinguruma. Njia nzima alikishika kitabu cha nyimbo mapajani kwa mikono miwili. Alikuwa ameandaa maneno ya kusema: kwamba hana haraka, kwamba hata lori la mizigo litamfaa, kwamba wao ni watu watatu wembamba, sanduku moja na mafurushi machache.

Ofisi ya wakala ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Bwana mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo karani wake, Eliezeri, Mhehe wa makamo aliyevaa sweta hadi shingoni, mbele yake wino na mafaili.

"Kamwene, mama," alimsalimu kwa Kihehe chake, kisha akamgeuzia Kiswahili. "Karibu kiti. Shida?"

"Nimekuja kuuliza gari."

"Gari gani, mama?"

"Ya kutuchukua. Mimi na watoto. Mwezi wa Mei ndiyo huu unaisha."

Akamtolea karatasi. Eliezeri aliisoma tangu juu, polepole, kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye blanketi. Alipofika mwisho aliigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Mama, hapa hakuna mwezi."

"Iko. Soma ukurasa wa pili. Pale penye mke na watoto. Mei."

Aliliona neno. Wengine wangecheka, na mimi nampa sifa yake Eliezeri kwa kuwa hakucheka. Aliiweka karatasi mezani, akaigeuza imwelekee mama, akaweka kidole chake.

"Hii siyo Mei ya kalenda. Ile ya kalenda inaanza na herufi kubwa. Hili neno maana yake kampuni inaweza kuwachukua. Ikipenda. Isipopenda, haijavunja mkataba."

"Inaweza."

"Ndiyo."

"Kuweza siyo kufanya."

"Siyo kufanya, mama."

Tusekile alilitazama lile neno. Herufi tatu. Alikuwa amemwachia mtu shamba kwa herufi tatu.

"Ni neno la shuleni hili," Eliezeri aliendelea, akidhani anamsaidia. "Mtoto akitaka kutoka nje, analisema hilo hilo kuomba ruhusa. Mwalimu anakubali au anakataa."

Tusekile aliwajua watoto hao. Kila asubuhi ya Mungu, akiwa jikoni, alisikia kupitia ukutani sauti ndogo ikisema "May I go out, sir?", na sauti ya mumewe ikijibu, mara nyingi, kwamba kaa chini. Asukile alilifundisha neno hilo miaka mitano. Alilijua kama anavyolijua jina lake. Siku ile kizingitini, kidole kilipogoma kwenye mstari, hakuwa akitafuta maana. Alikuwa na maana tayari, na hakuweza kumwambia mkewe neno labda mbele ya majirani. Kusema labda kulimshinda. Basi akamwachia Mei yake.

Hasira ilimpanda Tusekile hadi machoni, lakini hakuwa na muda wa kukasirika. Juni ilikuwa mlangoni.

"Basi niombee," alisema. "Kama ni neno la ruhusa, niombee hiyo ruhusa. Andika barua leo. Waambie mwalimu wao ana mke, ana watoto wawili, na mwezi wa sita hatuna nyumba. Naomba, baba."

Eliezeri aliinuka akaenda kabatini. Alipekua, akatoa faili lenye jina la Asukile, akarudi nalo akisoma huku anatembea. Kabla hajafika mezani alisimama.

"Mama, samahani kwa swali. Mumeo mliachana?"

"Hatujaachana. Tumefunga ndoa kanisani."

"Ana mwingine?"

"Hana. Kwa nini?"

Karani alikaa. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Kuna fomu ya kwanza, inajazwa kabla ya mkataba. Hapa kuna mstari wa kuandika majina ya watu wanaomtegemea mfanyakazi. Mke, watoto, wazazi. Kampuni inasoma hapa ndiyo inajua impe nyumba ya namna gani."

"Yeye ameandika nani?"

"Ameandika hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mtu, mama."

Tusekile aliomba aonyeshwe. Aliutambua mwandiko, ile herufi ya kwanza yenye mkia wa maringo ambayo Asukile aliwafundisha watoto na kuwachapa walipoikosea.

"Nakumbuka siku ile," Eliezeri alisema kwa sauti ya chini. "Nilimwambia nimfasirie kwa Kiswahili kabla hajajaza. Kila mtu namfasiria, hata wenye elimu, ndiyo kazi yangu. Akanicheka. Akasema karani gani wa kumfasiria mwalimu wa Kiingereza. Alipofika hapa kwenye mstari akasita. Halafu akasema kwa sauti, wote tukasikia, Mimi simtegemei mtu, nimejitafutia mwenyewe. Akaandika. Alidhani wanamuuliza yeye anamtegemea nani. Kumbe fomu inauliza nani anamtegemea yeye. Ndiyo kosa lenyewe."

"Na wewe ukamwona anakosea."

"Nilimwona."

"Ukanyamaza."

"Alikuwa amenikera, mama," alisema Eliezeri, na uso wake ukaonyesha kwamba hakuwahi kulisema hili kwa mtu. "Nilijiambia, mwalimu si anajua. Nikajiambia pengine kweli ni kapera. Nilinyamaza."

Yaliyobaki aliyaeleza kwa haraka, kama anayetua mzigo. Kwa kampuni, Asukile alikuwa mtu asiye na mke, na amepangwa bwenini na makapera, wanne chumba kimoja. Hayo ndiyo mambo ya nyumba ya ile barua ya Machi. Pengine ameshagundua na anaona haya kuandika. Kurekebisha kulitaka fomu mpya, cheti cha ndoa, sahihi ya mume, kisha kungoja zamu ya nyumba za wenye familia, na zamu hiyo ilikuwa ndefu. Mwaka huu asiutegemee. Na mume akitoroka kabla ya miaka miwili kwisha, watamshtaki.

"Nitaandika leo," alimalizia. "Hilo naweza."

Tusekile alimtajia majina ya watoto. Akamtazama akiyaandika, akasahihisha la Tusajigwe alipolikosea. Alishukuru, kwa kuwa alilelewa vizuri, akatoka. Kwenye kituo cha basi alikaa chini na kitabu cha nyimbo, na mama mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu akamuuliza kama amefiwa. Akasema ndiyo.

Gari halikuja siku zilizosalia. Barua haikuja. Kila usiku Tusajigwe aliuliza kama kesho ndiyo siku, na kila usiku mama yake alitafuta uongo mpya na kukuta ameshautumia. Alikwenda kumwomba Sedekia mwezi mmoja zaidi. Sedekia alihangaika kweli, akamwandikia padri, padri akajibu kwamba nyumba ni ya mwalimu anayefundisha. Kurudi Tukuyu kwa wazee ilikuwa kurudi na watoto wawili mikono mitupu, kwa baba mkwe aliyemwambia mwanawe asiende, na yeye mkwe, kwa mila za Kinyakyusa, hakuruhusiwa hata kusimama mbele yake na kujieleza. Alilifikiria hilo hadi kichwa kikauma, na kila upande aliogeukia alikuta ukuta.

Tarehe moja Juni asubuhi, ukungu haujainuka, aliitoa mizigo nje. Mara hii hakukuwa na haja ya kuifunga, ilikuwa tayari. Sedekia alikuja kupokea ufunguo. Ndipo Tusekile, asiye na la kulinda tena, alipomwonyesha karatasi na kumweleza yote, neno la ruhusa na mstari wa majina.

Mwalimu mkuu alisoma akiwa amesimama. Hakusema kwamba alionya, ingawa aliruhusiwa. Alimtafutia mama wa watu neno la kumtuliza, akalipata mahali ambapo mwalimu yeyote angelitafuta.

"Basi hakukukana, Mama Mwalimu," alisema. "Hilo lishike. Hakuandika kwamba hana mke. Alilielewa vibaya swali. Ni kosa la lugha tu, hata mimi ningeweza kulifanya."

"Nimeelewa alivyolielewa, Mwalimu Mkuu. Alidhani wanamuuliza anamtegemea nani."

"Ndiyo hivyo."

"Alipokuwa chuo cha ualimu, miaka miwili, nani alimlimia mama yake? Viatu alivyoingia navyo darasani nilivinunua mimi, kwa ndizi, nikizibeba kichwani hadi sokoni Tukuyu na mimba ya huyu Tusajigwe. Alipoanguka mtihani wa Kiingereza mara ya kwanza, wakataka kumfukuza, niliuza ndama niliyepewa na baba yangu, akarudia." Sauti yake haikupanda. "Tuseme swali lilikuwa hilo alilolisikia yeye. Walimuuliza, wewe unamtegemea nani. Jibu lake lilikuwa Tusekile. Na bado aliandika hakuna."

Sedekia alimrudishia karatasi. Tusekile alimwekea ufunguo kiganjani, akajitwisha sanduku, akawaita watoto wabebe sufuria na mablanketi. Apolonia alikuwa amewapa kona ya jiko lake, na siku hiyo hiyo watu wa nyumba yake walikuwa wakianza kuvuna mahindi ya lile shamba la shule.